Lenzi Yangu Bapa na Ila Zake

Mara ya kwanza kuishika nilidhani nimepewa kifuniko. Nyeusi, bapa, nyepesi, na ilipokaa kwenye kamera haikutokeza hata upana wa vidole viwili. Ni lenzi ya milimita 40, namba ambayo si urefu wa mwili wake: ikiwa ndogo lenzi huona eneo pana, ikiwa kubwa huona eneo jembamba. Tundu lake likifunguka kabisa ni f/2.8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na uzito wake wote ni gramu 130. Haina zumu. Haina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Mwili wake ni plastiki, isipokuwa ile pete ya nyuma inayoshikana na kamera. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mtu aliyekuwa anahamia kwenye lenzi kubwa zaidi, na sababu yangu ilikuwa moja: ndiyo niliyoimudu.

Sasa ni mwaka wa saba tuko pamoja. Katikati hapo nimeshika lenzi nyingine, za kuazima na za kazi, na baadhi yake bei yake inanunua kumi kama hii. Lakini hii ndiyo ninayoijua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumbani kwake, ule ambao lazima uuinue kidogo ndipo komeo liingie. Kuijua huko hakukuja haraka. Miaka miwili ya kwanza niliilaumu kwa mambo mengi, na nilipokuja kuyachunguza, sehemu kubwa hayakuwa yake.

Nianze na picha iliyoniuma.

Bibi yangu alikuwa ameketi dirishani asubuhi, anatunga uzi kwenye sindano. Mwanga ulimwangukia ubavuni, ukapita juu ya vidole vyake, na ule uzi mweupe ukawa unang'aa kama umewashwa. Nilisogea karibu. Nikasogea tena. Nikabonyeza nusu ili lenzi ishike fokasi, yaani ione kitu wazi, nayo ikaanza kwenda mbele na kurudi nyuma, zzz, zzz, ikitafuta pa kushika isipaone. Bibi akasimamisha mkono.

"Kinalia nini hicho?"

"Kinatafuta sindano, bibi."

"Basi tunaitafuta wote," akasema, akaendelea na kazi yake.

Nilipiga picha kumi na moja. Hakuna hata moja ambayo sindano ilitulia. Katika tatu kati ya hizo, kilichokuwa wazi kabisa ni kitambaa cha pazia nyuma ya bega lake. Nilikaa na hasira siku nzima, nikajiambia kwamba kitu rahisi ni rahisi tu, na kwamba siku nikipata lenzi ya maana nitarudi kwa bibi na sindano yake. Wahenga walishalisema hili zamani: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Kilichonigeuza ni siku moja ya mvua, ambayo sikuwa na pa kwenda. Nilibandika kurasa tano za gazeti ukutani, moja katikati na moja kila pembe, nikaiweka kamera kwenye stendi mbele yake, nikawasha saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili mkono wangu usiitikise wakati wa kubonyeza. Kisha nikapiga picha ileile mara saba: f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16, f/22. Kila hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu, kwa hiyo kila mara niliiacha shata, pazia la kamera linaloingiza mwanga, wazi kwa muda maradufu. Jioni nikazikuza kwenye kompyuta, nikakaa nasoma habari za gazeti herufi kwa herufi.

Katika f/2.8 herufi za katikati zilisomeka bila shida yoyote. Nilirudia kuangalia, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nimeamini kwamba lenzi hii ikifunguliwa kabisa haioni. Ilikuwa inaona. Za pembeni zilikuwa laini kidogo, na kufikia f/5.6 ukurasa mzima ukawa mkali, kutoka kona hadi kona. Kilichonishtua zaidi kilikuwa upande wa pili: kwenye f/16 herufi zilianza kulegea, na kwenye f/22 zikawa kama zimepakwa mafuta. Na f/22 ndiyo niliyokuwa nikiitumia kila nikipiga picha ya mandhari, nikidhani tundu dogo zaidi ni ukali zaidi! Mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika, na kutawanyika huko hakuchagui lenzi. Ya bei kubwa nayo hupatwa vilevile. Hapo sikuwa na wa kumlaumu.

Usiku uleule nikazifungua tena zile picha kumi na moja za bibi. Kamera huandika kila kitu ndani ya faili. Kasi ya shata: sehemu 1 kati ya 25 ya sekunde, mkononi, bila stendi, mbele ya mtu ambaye vidole vyake vinatembea. Hata kama ningekuwa na lenzi ya dhahabu, kidole kinachotembea kwa kasi hiyo kingeacha ukungu. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba ukishika kamera mkononi, shata isiwe ya polepole kuliko sekunde moja ikigawanywa kwa milimita za lenzi: kwa lenzi ya 40, angalau 1/40. Na kwenye kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kipande kinachopokea picha) kama ile niliyokuwa nayo wakati huo, ambapo milimita 40 huona kama 64, ni salama zaidi kuanzia 1/60. Tena hiyo ni kwa ajili ya mkono wako tu. Mkono wa anayepigwa picha una hesabu yake.

Jambo la pili lilikuwa umbali. Lenzi yangu haiwezi kufokasi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 30, na nilikuwa nalijua hilo kwa kichwa. Nisichokijua ni kwamba hizo sentimita 30 hazianzii kwenye kioo cha mbele. Zinaanzia kwenye sensa, ndani ya kamera. Kamera nyingi zina alama ndogo juu yake, mduara uliokatwa na mstari, inayoonyesha sensa ilipo. Ukitoa unene wa kamera na wa lenzi yenyewe, kinachobaki mbele ya kioo ni kama sentimita 23. Nikapima kwa mkono wangu: ni shubiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Tangu siku hiyo sihitaji futi. Nikitaka kitu cha karibu, natandaza kiganja kati ya lenzi na kitu. Shubiri ikienea, fokasi itashika. Kwa bibi nilikuwa nimejisogeza nusu shubiri. Lenzi ilikuwa inanguruma kwa sababu niliiagiza isichoweza.

Na hata ingeweza, kwa umbali huo na tundu la f/2.8 sehemu inayokuwa wazi ni nyembamba sana, milimita chache, haifiki hata sentimita moja. Mtu akivuta pumzi tu, sindano imeshatoka ndani ya hizo milimita.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuzigawa ila: hii yake, hii yangu. Nilikuwa na daftari. Upande wangu wa daftari ulijaa kwanza.

Mwaka wa tatu nilipata kamera yenye sensa kubwa, ile ya milimita 36 kwa 24, na ghafla lenzi ikageuka kuwa kitu kingine. Picha zikawa pana zaidi, kwa sababu sasa 40 ilikuwa 40 kweli. Lakini pembe zote nne zikaingia giza. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika njiani, au nimefunga filta, kile kioo cha ziada cha mbele, nene inayokata mwanga. Nikaitoa filta. Giza likabaki palepale. Nikarudi kwenye ukuta wangu na magazeti yangu.

Haikuwa imeharibika. Sensa ndogo ilikuwa inakula katikati ya picha tu, ikiuacha ukingo usionekane, na sensa kubwa sasa ilikuwa inaonyesha sahani yote. Mwanga unaokwenda kwenye pembe unafika kwa mshazari. Kwa lenzi ya 40, pembe ya sensa hiyo iko kama digrii 28 kutoka katikati, na kwa hesabu ya lenzi rahisi, mshazari huo peke yake unaacha kama asilimia 60 tu ya mwanga ufike. Kisha mdomo wa lenzi bapa, ambao ni mdogo, unakata tena kidogo tundu likiwa wazi kabisa. Ukibana hadi f/5.6, sehemu kubwa ya giza hilo la mdomo inaondoka. Ila hii ni yake, sina ubishi. Niliiandika upande wa kulia wa daftari, na kwa kweli nilifurahi kuiandika, kwa sababu sasa nilijua inatoka wapi na inaisha wapi.

Hapo ndipo nilipoanza kutaka kujua kwa nini lenzi inakuwa bapa namna hii. Nilikuwa nikidhani udogo wake ni upungufu, kwamba kuna vitu vilivyoondolewa ili bei ishuke. Sababu hasa ilinipendeza. Ukipima sensa kubwa kutoka pembe moja hadi nyingine kwa mshazari, unapata milimita 43.3. Na katika kamera zenye kioo cha kupindua ndani, kutoka mahali lenzi inapokaa hadi kwenye sensa kuna kama milimita 44 hadi 47 kufuatana na mtengenezaji, kwa sababu kioo kile kinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Lenzi fupi zaidi ya hapo, kama 24 au 28, lazima ijengwe kwa ujanja wa kuisukuma picha nyuma, na ujanja huo unahitaji vioo vingi na mwili mrefu. Lenzi ndefu sana nayo inahitaji mwili mrefu. Lakini hapo katikati, kwenye 40 na 45, umbo linaweza kuwa rahisi kabisa, vioo vichache vilivyokaa karibu karibu. Ndiyo maana lenzi bapa nyingi za kamera za aina hiyo ziko kwenye urefu huo. Hazikupunjwa. Zimekaa pale ambapo fizikia inaruhusu wepesi.

Tena asili yake ni ya heshima. Mwaka 1902 Paul Rudolph, katika kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, alitengeneza lenzi ya vioo vinne katika makundi matatu, akaiita Tessar. Ilikuwa kali kwa zama zake hata wakaitangaza kama jicho la tai la kamera yako. Mpango ule wa vioo vinne uliigwa na kurekebishwa kwa miongo, na lenzi bapa kadhaa za karne ya 20 zilijengwa juu yake. Nikon, kwa mfano, walitoa ya milimita 45 yenye vioo vinne mwaka 1969. Na ile Leica ya kwanza iliyouzwa mwaka 1925, kamera iliyowafanya watu watoke na kamera mfukoni, ilikuja na lenzi ndogo ya milimita 50, f/3.5, iliyokuwa ikisukumwa ndani ya mwili wa kamera ili ikae bapa. Kwa namba ya f, ilikuwa inaingiza mwanga pungufu kuliko hii yangu. Nikisoma hayo, aibu niliyokuwa nayo nikitoa kamera mbele ya watu wenye lenzi kubwa iliniisha.

Tabia zake nyingine, sasa.

Pete ya fokasi haijaunganishwa na vioo. Ukiizungusha, unaiambia mota, na mota ndiyo inayosogeza vioo. Kamera ikiwa imezimwa, unaweza kuizungusha hadi kesho, hakuna kitakachotokea. Haina kikomo, wala haina namba za umbali. Kwa aliyezoea lenzi za zamani, zile ambazo kidole kinajua mita tatu ziko wapi, hii inakera kweli, na mimi inanikera mpaka leo. Pia pete yenyewe ni nyembamba na iko karibu na mwili wa kamera, kwa hiyo vidole vinaigusa bila kukusudia. Nimelazimika kubadili namna ya kushika: mkono wa kushoto unabeba kamera kwa chini, kiganja kikiangalia juu, na vidole vinabaki mbali na lenzi.

Mota haina kelele nyingi lakini ina sauti, na sauti hiyo huingia kwenye video. Ukirekodi mtu anaongea chumbani kwa maikrofoni ya kamera yenyewe, utaisikia kila inapotafuta. Dawa ni maikrofoni ya pembeni, au kufunga fokasi kabla ya kuanza. Na kwenye mwanga hafifu inatafuta sana. Nimejifunza kuipa mstari: ukingo wa kola, nywele zinazokutana na paji la uso, pembe ya meza. Ukiielekeza kwenye shavu laini gizani, itanguruma. Ukiielekeza kwenye mstari, inashika mara moja.

Halafu kuna mrija wa mbele. Ukifokasi kitu cha karibu, sehemu ya mbele inatoka nje milimita kadhaa, na ukizima kamera inabaki imetoka. Inaonekana jambo dogo. Lilinigharimu siku ya mahafali ya mdogo wangu.

Nilikuwa nimepiga picha ya ua la kwenye joho lake nyumbani, kwa karibu kabisa, shubiri moja, nikazima kamera nikaitia begini. Juu yake nikaweka mwavuli na chupa ya maji. Njia nzima vile vitu vilikuwa vikiukandamiza ule mrija kurudi ndani kwa nguvu. Tulipofika, jina lake likaitwa, nikainua kamera, nikabonyeza. Kimya. Hakuna zzz, hakuna fokasi, kamera imekataa. Nikabonyeza tena na tena huku namwona anapanda ngazi, anapewa mkono, anageuka kunitafuta kwa macho, anashuka. Vidole vyangu vilikuwa baridi. Nilipokuja kukumbuka kuitoa lenzi na kuirudisha, ikaamka kama haikuwa na lolote, na jukwaani alikuwa mtu mwingine.

Alikuja mbio baadaye. "Dada, umeipata?"

Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia hapana. Alinyamaza kidogo, kisha akavua kofia, akaketi kwenye kibaraza nyuma ya ukumbi, akaanza kufungua viatu vilivyokuwa vinambana, soksi moja imetoboka kwenye kidole gumba, joho limemwagika pande zote, cheti amekibana kwapani. Nilipiga picha hiyo. Ndiyo iliyo kwenye fremu nyumbani. Lakini ile ya jukwaani sinayo, na hakuna aliyenikabidhi badala yake.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuzima kamera, naielekeza kwanza kwenye kitu cha mbali sana, paa la nyumba ya mbele au wingu, nabonyeza nusu ili mrija urudi ndani, ndipo nazima. Inachukua sekunde moja. Nafanya hivyo hata usingizini, nadhani. Na begini inakaa juu ya vitu, haikai chini yake. Kwa sababu hiyohiyo siifungi filta kwa nguvu wakati mrija umetoka: nguvu ile ya kukaza inakwenda moja kwa moja kwenye meno ya mota, ambayo ni madogo. Na kama nawe unayo ya namna hii na siku moja imekataa ghafla, itoe uirudishe, au toa betri urudishe, kabla hujakimbilia kwa fundi.

Jua likiingia kwenye fremu kutoka pembeni, picha inapauka na vidoa vya kijani vinajipanga kwa mshazari. Sina kifuniko cha kivuli, nina kiganja. Nakiinua juu ya lenzi mpaka kivuli chake kifunike kioo, na vidoa vinazimika kimoja kimoja. Ni raha kuvitazama vinavyozimika. Usiku, ukibana tundu hadi f/11 na kuweka kamera kwenye stendi, kila taa ya barabarani inatoa miale kumi na minne. Nilizihesabu. Tundu linafungwa na mabamba membamba saba, na idadi ikiwa witiri miale inakuwa maradufu. Yangekuwa manane, miale ingekuwa minane tu. Hii siwezi kuiweka upande wowote wa daftari. Ni sura yake.

Lakini nisingeandika haya yote kama ingekuwa ni hesabu ya kasoro. Kilichonifunga nayo ni miguu.

Bila zumu, unachokiona ni kile ulichosimama mbele yake. Ukitaka zaidi, nenda. Ukitaka pungufu, rudi. Baada ya mwaka mmoja na sensa kubwa niligundua kwamba sihitaji tena kuinua kamera ili kujua fremu itaingiza nini. Mita mbili mbele yangu, kamera ikiwa imesimamishwa wima, inaingia kimo cha mita 1.8, yaani mtu mzima kutoka unyayo hadi utosi, akibakiwa na nafasi ya unywele. Kwa hiyo nikimwona mtu, miguu yangu inajua pa kusimama kabla macho hayajamaliza kufikiri. Kwa uso peke yake nimejifunza kutokwenda karibu sana. Sentimita 60, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Wengi husema ni lenzi inayofanya hivyo. Ni umbali. Jicho lako mwenyewe likiwekwa hapo litaona vilevile, ila ubongo unasamehe. Nasimama mita moja na nusu, kisha nakata ziada baadaye.

Kuna na hili la udogo wake. Lenzi kubwa ikimwelekea mtu, mabega yake yanapanda. Hii haimtishi mtu. Watoto huniuliza kama kamera imeanguka ikakatika. Wazee huendelea na mazungumzo. Nimepiga watu wakilia, wakisali, wakimlisha mtoto, na mara nyingi sana wao ndio walioniita nisogee. Sidai kwamba ni lenzi peke yake. Unapaswa kuwa umeomba, umekaa, umeonekana kuwa mtu. Lakini ningekuwa na mtutu mkubwa mbele ya uso wangu, nadhani nusu ya picha hizo zisingekuwepo.

Penye watu wanaotembea naacha kabisa fokasi ya mota. Nafokasi kitu kilicho mbali kama mita saba, nahamisha kwenye fokasi ya mkono ili isibadilike, nabana f/8. Kwa lenzi ya 40 kwenye sensa kubwa, hapo kila kitu kuanzia mita tatu na nusu hivi hadi upeo wa macho kinakuwa wazi vya kutosha. Hakuna kungoja. Mtu akicheka, nabonyeza, imeingia. Sharti ni moja, lile la vidole kutoigusa pete, na mara mbili tatu kwa siku nahakikisha haijahama.

Pale isipoweza, haiwezi, na nimeacha kuilazimisha. Ukumbi wa giza wenye watu wanaocheza: f/2.8 inaingiza robo tu ya mwanga ambao f/1.4 ingeingiza, na hapo naazima. Mpira, ndege, mtoto anayekimbia kukuelekea: mota yake haifikii. Aliyeniuliza kama ainunue kwa kazi ya harusi nilimwambia anunue kama ya pili, asiitegemee yenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa bibi. Dirisha lilelile, kiti kimehamishwa kidogo. Alikuwa na sindano mkononi na uzi mweupe, na nikaona kitu ambacho miaka ile hakikuwepo. Aliisogeza sindano karibu na uso, akaipeleka mbali hadi mkono ukanyooka, akairudisha, akaipeleka tena. Macho yake yalikuwa yanatafuta pa kushika.

"Nikutungie, bibi?"

"Subiri. Iko hapa hapa."

Nilitandaza kiganja hewani mbele ya vidole vyake, nikapima shubiri, nikakaa hapo. Nilibana f/5.6 nipate zaidi ya sentimita moja iliyo wazi. Shata nikaiweka 1/125, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nikaipandisha mpaka nikajua kutakuwa na chengachenga, nikakubali. Fokasi niliishika kwenye ukingo wa ukucha wa kidole gumba, mstari ulionyooka, kisha nikaifunga isitafute tena. Kamera ikawa kimya kabisa. Alilamba ncha ya uzi, akaikaza kwa vidole viwili, sindano ikaenda mbali, ikarudi, ikafika pale kwenye shubiri, na uzi ukapita.

Nilibonyeza mara moja. Kisha nikaielekeza kamera nje, kwenye paa la jirani, mrija ukarudi ndani, nikazima.